Rupia ya Mjerumani: Ipime Kabla ya Kuilipia

Muuza sarafu za kale kwa kawaida hutanguliza hadithi: ilifukuliwa chini ya mbuyu, babu aliificha wakati wa vita, kuna tajiri anaitafuta kwa mamilioni. Hadithi haipimiki. Sarafu inapimika, kwa sababu aliyeitengeneza aliipangia uzito, upana na madini yake.

Tuchukue rupia ya fedha ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyotolewa kati ya 1890 na 1914. Ilifuata kipimo cha rupia ya India ambayo wafanyabiashara wa pwani walikwisha kuizoea: gramu 11.66, kipenyo cha takriban milimita 30, fedha asilimia 91.7 na iliyobaki shaba. Upande mmoja una sura ya Kaisari Wilhelm II, kichwani kofia ya chuma yenye tai. Upande wa pili, zile za mwanzo zina nembo ya kampuni ya Kijerumani, simba na mtende. Kuanzia 1904 zimeandikwa Deutsch Ostafrika, pamoja na herufi ndogo A ya Berlin au J ya Hamburg. Ukiona nembo ya kampuni kwenye sarafu ya 1910, mrudishie mwenyewe.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu, sumaku, kioo cha kukuzia, uzi na kikombe cha maji.

Anza na sumaku, fedha hainaswi. Kisha pima uzito. Sarafu iliyopita mikono mingi hulika, hivyo gramu 11.4 si ajabu. Iliyozidi gramu 11.8 ndiyo ya kutilia shaka, maana matumizi hupunguza uzito, hayauongezi.

Kipimo cha maji ndicho kinachowaumbua wengi. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi hadi izame yote bila kugusa kitako wala kuta za kikombe. Kwa rupia halisi isiyolika, mizani itasoma karibu gramu 1.13. Ya bandia yenye uzito uleule, iliyotengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, itasoma karibu 1.3. Rangi ya juu inaweza kudanganya jicho, lakini ujazo wa maji yaliyosukumwa haubadilishwi na rangi.

Baada ya hapo shika kioo. Sarafu halisi iligongwa kwa mashine, kwa hiyo herufi zake zina kingo kali pale ambapo hazijalika. Ya kumiminwa huwa na vitundu kama vya chunusi, herufi zilizovimba, na pengine mstari wa kalibu unaozunguka ukingo.

Usisadiki mwaka pekee. Riale ya Maria Theresa, iliyozagaa Zanzibar, Oman na Ethiopia, imeandikwa 1780 hata ile iliyotengenezwa London katika karne ya 20. Ukiuziwa kwa bei ya "miaka mia mbili na ushei", lipia fedha iliyomo: gramu 28.07, asilimia 83.3. Uwe mwangalifu zaidi na dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyogongwa Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli. Kwa kuwa ni adimu, zake za bandia ni nyingi. Hiyo usiinunue bila mtaalamu.

Ukishainunua, usiisugue kwa majivu, ndimu wala dawa ya meno. Weusi uliojijenga kwa miaka ndio ushahidi wa umri wake, na wakusanyaji hupunguza bei ya sarafu iliyong'arishwa.

Tena kuna sheria. Nchini Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kwa hiyo sarafu za shaba za masultani wa Kilwa si bidhaa ya kununua kichochoroni.

Anayeanza na aanze na shilingi za Afrika Mashariki za tangu 1921, zenye simba na milima. Ni rahisi kuzipata, na akikosea hatapoteza kikubwa. Na muuzaji yeyote akikataa sarafu yake ipimwe, bei yake haina haja ya kujadiliwa.