Miaka ya Mwami Rugemaninzi mbali na Bushi

Mwaka 1936 utawala wa Kibelgiji ulimvua madaraka Mwami (mfalme) Alexandre Rugemaninzi wa Kabare, katika Bushi, mashariki mwa Kongo, ukampeleka uhamishoni Léopoldville, upande wa pili kabisa wa nchi, ambako mlima Kahuzi wa kwao hauonekani. Alikaa mbali na watu wake zaidi ya miaka 20. Mtoto aliyezaliwa Kavumu, Miti au Katana mwaka ule alikua, akaanza kulipa kodi, akaoa na kupata watoto, na bado Nnabushi, mwenye Bushi, hajarudi kwenye kilima chake.

Kosa lake lilikuwa nini hasa? Wakubwa wa serikali walimwona mtu asiyetii. Ukiifuata barabara ya Bukavu hadi uwanja wa ndege wa Kavumu, mwendo wa kilomita 30 hivi, unaanza kuelewa walitaka atii katika jambo gani. Kulia kuna ziwa Kivu. Kushoto vilima vinapanda hadi msituni. Katikati kuna migomba na maharagwe ya wakulima wadogo, kisha ghafla yanakuja mashamba makubwa yaliyonyooka, ya chai, ya kahawa, ya miti inayotoa dawa ya kwinini. Ardhi hii ina rutuba, hali ya hewa yake ni ya baridi ya kupendeza, na walowezi wa Kizungu waliitamani tangu walipoiona.

Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Kitaifa ya Kivu, iliyojulikana kwa herufi CNKi, ikapewa mamlaka ya kugawa ardhi kwa walowezi katika eneo kubwa mno. Sheria ya mkoloni ilihesabu kwamba ardhi isiyolimwa wala kukaliwa haina mwenyewe. Kwa Mshi, mtu wa Bushi, hesabu hiyo haikuwa na maana. Konde lililolala lilikuwa linapumzika, na malisho yalikuwa ya ng'ombe. Juu ya yote alikuwepo Mwami.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu mamlaka ya Mwami wa Bushi hayaeleweki bila kuelewa kalinzi. Mtu aliyetaka shamba alikwenda kwa mrhambo, mkubwa wa kilima anayekishika kwa niaba ya Mwami, akampelekea ng'ombe, au mbuzi kadiri ya uwezo na ukubwa wa shamba. Mashahidi walikuwepo. Mnyama akipokelewa, shamba lilikuwa lake, la watoto wake na la wajukuu wake. Hakukuwa na karatasi. Kulikuwa na ng'ombe, macho ya watu, na deni la heshima lisilokwisha kati ya familia ile na kilima. Aliyekosa ng'ombe aliomba bwasa, yaani kulima kwa msimu kwa malipo madogo, na huyo hakuruhusiwa kupanda migomba. Angeweza kupanda maharagwe, mihogo au viazi, lakini mgomba hapana, maana mgomba hukaa miaka mingi na ungemfanya mgeni aonekane mwenyeji. Hata leo, mzee wa Kabare akitazama boma na kuona migomba mikubwa iliyozunguka nyumba, anajua bila kuuliza kwamba hapo kuna kalinzi.

Mwami basi hakuwa na ardhi kama tajiri anavyokuwa na mali. Aliishika ili ipite mikononi mwake na kuwafikia watu. Ndiyo maana sherehe kubwa ya mwaka, mubande, ilihusu mbegu, na ndiyo maana walikuwepo bajinji, wazee wa mila, waliotunza siri za ufalme na ishungwe, taji la Mwami. Ukimng'oa mtu wa namna hiyo, unavunja mnyororo mzima unaompa mkulima haki ya kulala usingizi shambani mwake.

Rugemaninzi hakuwa wa kwanza kugongana na Wazungu. Rutaganda, aliyemtangulia, aliwapinga kwa miaka mingi tangu walipofika mwanzoni mwa karne iliyopita, mara kwa silaha, mara kwa kukataa tu kujisalimisha. Mwaka 1931 Bushi ilitikisika tena kwa sababu ya nabii Binji-Binji, aliyetangaza kwamba utawala wa Wazungu utakwisha. Novemba ya mwaka huohuo, ng'ambo ya mto Ruzizi, Wabelgiji walimwondoa Mwami Yuhi Musinga wa Rwanda na kumhamishia Kamembe, karibu kabisa na Bukavu. Alikaa hapo hadi 1940, kisha wakamsogeza mbali zaidi, Moba, kando ya ziwa Tanganyika, akafia huko mwaka 1944. Wafalme wawili, kingo mbili za mto mmoja, miaka mitano tu kati yao. Siamini kwamba hiyo ilikuwa sadfa.

Mbinu ya kupata ardhi kwa kumgusa kwanza mfalme haikuanzia Afrika. Wachickasaw wa Marekani waliishi katika nchi ambayo leo ni Mississippi na majimbo jirani. Mwaka 1832 mfalme wao Ishtehotopa alitia alama yake kwenye mkataba wa Pontotoc Creek, wa kuachia ardhi yao yote iliyo mashariki ya mto Mississippi, na kuanzia 1837 watu wake wakahamishwa hadi nchi ambayo sasa ni Oklahoma. Kule waliondoka wote, mfalme na watu. Bushi aliondolewa Mwami, watu wakaachwa, wengi wao wakawa vibarua katika mashamba ya walowezi.

Nafasi ya Rugemaninzi Wabelgiji walimpa Bahole. Kwa utawala alikuwa Mwami. Kwa Bashi wengi Mwami alikuwa Léopoldville. Ardhi nayo iliendelea kuchukuliwa: mwaka 1937 serikali ilitenga msitu wa Kahuzi kuwa hifadhi, na mwaka 1970 hifadhi hiyo ikawa mbuga ya taifa ya Kahuzi-Biega. Batwa, wenyeji wa msitu walioishi humo tangu enzi za mababu, wakafukuzwa. Hao hawakuwa hata na kalinzi ya kujitetea, na dhuluma waliyotendewa bado haijalipwa.

Uhuru ulipokaribia Rugemaninzi alirudi Kabare na kukalia tena kiti chake hadi 1980, aliporithiwa na mwanawe Désiré. Lakini nchi aliyoirudia haikuwa ileile. Sheria ya Julai 1973 ilitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya serikali, ikaahidi kwamba ardhi ya kimila itapangiwa utaratibu kwa amri ya Rais. Kwa miongo mingi amri hiyo haikutolewa. Novemba mwaka huohuo Rais Mobutu aliyachukua mashamba ya wageni na kuwapa Wazaire, kama raia wa nchi walivyoitwa wakati huo, na waliofaidika walikuwa wakubwa na jamaa zao, si wajukuu wa waliopokonywa. Na lazima tuseme ukweli wote: baadhi ya bami na barhambo nao walitia sahihi. Waliwauzia wenye fedha vilima vyenye watu, na familia zilizokuwa na kalinzi ya vizazi vitatu zikaambiwa hazina hati.

Katiba ya 2006 inatambua mamlaka ya kimila, na sheria ya Agosti 2015 inamtaka chifu wa kimila asiwe mwanasiasa. Hayo ni mazuri. Hata hivyo Februari 2025, waasi wa M23 walipouteka uwanja wa ndege wa Kavumu muda mfupi kabla ya kuingia Bukavu, mkulima wa Bugorhe, eneo la Kavumu, alijikuta tena chini ya wakubwa wapya asiowachagua, huku shamba lake likitegemea kumbukumbu za mashahidi wanaozeeka. Kalinzi iandikwe. Iandikwe kilima kwa kilima, mbele ya mrhambo na majirani, kwa jina la mume na la mke, na karatasi hiyo iwe na nguvu mahakamani sawa na hati ya mwenye shamba la chai.