Sarafu anazozisoma kwa vidole

Ukimtembelea Mwalimu nyumbani kwake, nje kidogo ya Nakuru, usishangae akikuambia ufumbe macho hata kabla chai haijafika. Sisi alitufanyia hivyo. Alitutilia sarafu tatu kwenye kiganja, akauliza, "Haya, mbao ni gani hapo?" Tulikuwa wawili, wote tunashughulika na pesa kila siku ya Mungu, na wote tulikosea. Alicheka hadi akakohoa.

Mwalimu ni mteja wetu wa miaka mingi. Ametuomba tumwite hivyo tu, jina lake alibaki nalo. Amekuwa akikusanya sarafu tangu ujana, wakati chenji ya dukani ilikuwa bado na vipande vya 1966, mwaka Kenya ilipoanza kutoa pesa zake yenyewe. Nyingine alipewa na mamake: zile senti kumi za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, ambazo wazee walikuwa wakizifunga kwa uzi.

Halafu macho yakaanza kuondoka.

Ni glakoma, ile wengi wetu huita presha ya macho. Ugonjwa huu hula polepole, na kwa kawaida huanzia pembeni. Unaendelea kusoma gazeti na kuhesabu chenji vizuri tu, huku ukigonga fremu ya mlango na kumlaumu fundi. Uoni uliopotea haurudi. Matone na upasuaji hulinda kile kilichobaki. Mwalimu aligundua akiwa amechelewa. Leo jicho la kulia linaona mwanga na kivuli, la kushoto halioni kitu. (Kama kwenu kuna mzazi au ndugu mwenye glakoma, tafadhali nenda upimwe hata kama unaona vizuri. Hatari yako iko juu kuliko ya jirani.)

Watu walimshauri auze zote. "Sasa utazifanyia nini na huzioni?" Hata sisi, tukisema ukweli, tulikwenda kwake na swali hilo hilo mfukoni.

Jibu liko kwenye treya za mayai. Anazo sita, zile za kawaida za mashimo thelathini, zimepangwa kwenye kabati, kila treya na kipindi chake. Ya juu ni ya Afrika Mashariki. Inayofuata ni ya Mzee Kenyatta, kisha Moi, na kuendelea. Ukimtajia sarafu, mkono wake unaenda kwenye treya, unahesabu mashimo, unarudi nayo. Hapapasi.

Alituonyesha anavyozitambua. Kobole ya 1985 ni rahisi, ina pande saba na ni nzito. Aliyewahi kuwa nayo mfukoni hawezi kuisahau. Shilingi kumi iliyoanza 1994 ina metali mbili, na ukipitisha ukucha juu yake unasikia mahali moja inapoishia na nyingine inapoanza. Ile ya shilingi arobaini ya 2003, iliyotolewa Kenya ilipotimiza miaka arobaini ya uhuru, nayo ina metali mbili lakini ni pana zaidi. Shilingi moja ndizo zinazosumbua, kwa sababu zimetoka kwa miaka mingi na nyingi zimelika. Hapo hutumia sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Shilingi ya miaka ya sabini ilitengenezwa kwa shaba na nikeli, sumaku haiivuti. Ya 2005 ni chuma kilichopakwa nikeli, inaruka na kunata. Na kama sumaku haiko karibu anaiangusha mezani, anasikiliza.

Wakusanyaji wana sheria yao: sarafu hushikwa ukingoni, usiguse uso wake, jasho la vidole huiharibu. Mwalimu anaijua na anaivunja kila siku. Kwa hivyo kila aina anatafuta mbili, moja ya kukaa kwenye bahasha, nyingine ya vidole. Ni gharama, lakini tunaona ndiyo akili kubwa zaidi katika kabati lile. Hazipigi brasso, wala hataki mtu yeyote azisugue.

Sarafu za Desemba 2018 ndizo za kwanza alizozipokea bila kuziona kabisa. Katiba ya 2010 ilikataza picha ya mtu binafsi kwenye pesa zetu, ndiyo sababu zilikuja na wanyama: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. "Miaka yote kidole changu kilikuwa kinatafuta kichwa cha mtu," alituambia. "Siku hiyo kikapata mkonga."

Noti hazimpendezi, ni bapa mno. Anakiri kwamba zile zilizozinduliwa Juni 2019 zina mistari iliyoinuka ukingoni kwa ajili ya wasioona, na noti ikiwa mpya inasaidia. Ikishazunguka sokoni miezi kadhaa, hiyo ni hadithi nyingine. Noti pekee aliyonayo ni elfu moja ya zamani, iliyobaki ndani ya kamusi hadi Septemba 30, 2019 ikapita nayo ikawa karatasi. Hiyo hakuikusanya, aliisahau.

Siku mnunuzi alipokuja

Sasa tufike kwenye jambo lililotupeleka kule. Mwaka jana mtu mmoja alimpigia simu, akasema ameambiwa na rafiki kwamba Mwalimu ana seti ya 1966 na arobaini bob kadhaa. Alikuja nyumbani, mstaarabu, anaongea vizuri. Wakapatana shilingi 6,500. Simu ya Mwalimu ikalia, mlio wa SMS. Mgeni akaichukua mezani, akasema, "Wacha nikusomee, Mwalimu," akasoma: umepokea shilingi 6,500, kutoka kwa fulani, salio lako jipya ni kadhaa. Alitaja hadi senti. Akashukuru, akabeba sarafu, akaenda.

Jioni mjukuu wake alirudi kutoka chuo akaangalia simu. "Guka, hii message imetoka kwa namba ya mtu." Hakuna pesa iliyokuwa imeingia.

Alipiga ripoti, nasi tulipokea malalamiko yake, lakini hapakuwa na muamala wowote wa kurudisha. Sarafu zilikwenda. Kwa miezi minne hakufungua kabati. Anasema kilichomuuma si 6,500. Ni kwamba alikaa kwenye kiti chake akashukuru.

Tunaliandika hili kwa sababu wateja wetu wengi wasioona vizuri hufanya vivyo hivyo, si kwa wageni tu, bali kwa mtoto wa jirani, kwa kondakta, kwa mtu aliye nyuma yao kwenye foleni ya wakala. Unampa simu akusomee. Wengi ni watu wazuri. Lakini ujumbe unaosomewa na anayekulipa si uthibitisho wa malipo, hata kama kweli umeandikwa hivyo.

Mjukuu ndiye aliyemfungulia TalkBack. Kwenye simu nyingi za Android iko chini ya Mipangilio, kisha Ufikivu. Kwenye iPhone inaitwa VoiceOver. Simu inasoma kila unachogusa: gusa mara moja usikie, gusa mara mbili haraka ili kukubali. Wiki ya kwanza inakera, tusidanganyane. Siku hizi SMS ikiingia, Mwalimu husikia kwanza nani ametuma. Ikiwa ni namba ya kawaida na si jina letu, hasikilizi iliyobaki. Ikiwa ni jina letu, bado anaingia kwenye menyu na kuuliza salio mwenyewe, mnunuzi akiwa amesubiri hapo hapo. Sarafu haiondoki kwenye treya mpaka salio limepanda.

Anavaa sikioni kisikilizi kimoja, kwa sababu simu inaweza kuzitamka tarakimu za PIN unapoziandika, na TalkBack ina njia ya kuficha skrini ili anayechungulia aone giza tu. Wakati mwingine hutumia Be My Eyes, programu inayokuunganisha kwa video na mtu wa kujitolea akutazamie kitu, mfano mwaka ulioandikwa kwenye sarafu iliyolika. Hapo ana sharti moja: kamera inaelekezwa kwenye sarafu, kamwe si kwenye simu nyingine wala karatasi yoyote ya pesa.

Na lawama yetu tuipokee. Alitueleza kwamba menyu ya kupiga namba hujifunga kabla TalkBack haijamaliza kusoma chaguo zote, anaanza upya mara mbili, mara tatu. Ana haki. Programu ya simu haimharakishi hivyo, ndiyo sasa anaitumia, lakini si kila mtu ana simu ya kuibeba. Tumelifikisha kwa wanaohusika, na tutaendelea kuwauliza.

Kuna mtego mwingine ambao wenye macho hunaswa zaidi: matangazo mtandaoni ya watu wanaodai kununua arobaini bob kwa mamilioni, ila kwanza utume "ada ya usajili". Mwalimu amepigiwa mara nyingi. "Nikiwauliza kama ina pande ngapi," anasema, "wanakata simu."

Tulipokuwa tukiaga, simu yake ililia. Alisikiliza, akatabasamu, akatuambia tukae kidogo. Kuna mama Eldoret amepata shilingi mbili ya zamani, moja ya vipande vinavyokosekana kwenye treya ya pili, anaitaka 800. Mwalimu aliingiza namba, akasubiri simu imtajie jina la mpokeaji, akaliuliza lirudiwe, ndipo akatuma. Shimo la kumi na nne tayari amelitilia pamba.