HEWA YA KIJIJI NI MALI YA WOTE

Kila mwaka, tangu mwezi wa Juni hata mvua zikaribiapo, moshi hutanda juu ya vijiji vingi vya Tanzania. Mkulima huchoma mabua apate kulima upesi. Mfugaji huchoma nyika ili majani mabichi yachipue na kupe wafe. Mchoma mkaa hufukiza tanuri lake usiku na mchana. Kila mmoja huiona kazi hiyo kuwa shauri lake peke yake. Sisi twasema sivyo. Shamba lina mpaka, lakini moshi hauna.

Wengi hudhani kwamba hewa chafu ni balaa ya miji yenye viwanda na magari. Moshi wa majani nao hubeba chembe ndogo mno, ambazo hata 20 zikipangwa sambamba hazizidi unene wa unywele mmoja. Chembe hizo hupita puani na kooni pasipo kizuizi, zikaingia mapafuni, na nyingine zikafika katika damu, zikadhuru kifua na moyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 uchafu wa hewa ya nje, mijini na vijijini, uliwaua watu milioni 4.2 kabla ya wakati wao. Asubuhi ya baridi, upepo utuliapo, moshi hulala bondeni. Na ndiyo saa watoto wetu waendapo shule.

Hatuwalaumu wakulima. Moto ni jembe la asiye na trekta, na majivu hurutubisha udongo kwa msimu. Walakini faida hiyo haidumu: ardhi iliyoachwa wazi huchukuliwa na mvua ya kwanza. Mabua yale yale yakitandazwa shambani huhifadhi unyevu; yakilishwa ng'ombe huleta samadi.

Uwezo wa kurekebisha jambo hili u mikononi mwetu. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 huiruhusu halmashauri ya kijiji kutunga sheria ndogo, kwa idhini ya halmashauri ya wilaya. Basi viongozi wasingoje maofisa kutoka mjini. Yawapasa kuitisha mkutano kabla ya kiangazi, na wananchi wakubaliane ni wapi moto hauruhusiwi kabisa, na ni nani wa kuarifiwa kabla haujawashwa.

Kisima cha kijiji hakuna athubutuye kukitia taka. Hewa nayo ni kisima, tena kila mtu hukinywa kutwa kucha.