Bunduki Nayo Ina Miguu

Ndugu msikilizaji, juzi kijana mmoja wa kwetu Tabora, mwenye leseni ya bunduki na ya kuwinda, alinionyesha picha za miguu miwili ya chuma inayofungwa mbele ya bunduki, ile ya kupigia shabaha ya mbali mtu akiwa amelala kifudifudi. Aliniuliza achague ipi.

Nilimjibu kwa kumkumbuka mjomba wangu wa Urambo. Nchi ile bunduki ziliingia zamani kwa misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na pembe za ndovu zikirudi pwani kwa njia hiyo hiyo. Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, aliwahi kuwafungia njia Waarabu wa Unyanyembe kwa nguvu ya silaha hizo. Mjomba alibaki na gobore tu, na kila alipokwenda porini alikata panda, akaichomeka ardhini na kulaza mtutu juu yake. Hakuwa mvivu. Pumzi hupanda na kushuka, moyo hudunda, mkono hutetemeka. Bunduki yenye urefu wa mita moja, mdomo wake ukisogea milimita moja tu, risasi hukosea sentimita 20 kwa mita 200, na sentimita 30 kwa mita 300.

Sentimita 30, ndugu zangu, ndizo zinazotenganisha moyo wa nyati na tumbo lake. Nyati aliyepigwa tumboni hafi pale. Huingia kichakani akiwa na uchungu na hasira, na kesho yake anayepita hapo huenda akawa mrina asali asiyejua habari za risasi ya jana.

Basi, kwa mtu anayelala chini, miguu mifupi ndiyo mizuri: sentimita 15 hadi 23 hivi. Mirefu humwinua kifua, naye huanza kutetemeka upya. Kila mguu urefuke peke yake, maana ardhi yetu ina vichuguu na miteremko, na bunduki iliyoinama upande hupeleka risasi ya mbali upande huo. Ifungwe kwenye mti wa bunduki, kamwe si kwenye mtutu, kwa kuwa mtutu ukisukumwa hubadili mahali risasi inapoangukia. Nyayo za mpira zinafaa kwenye udongo. Juu ya mwamba mtupu bunduki hurukaruka, afadhali mtu aweke begi lake chini. Ukiitikisa dukani ikagongagonga kama sufuria, iache hapo hapo.

Wengi husahau nyuma. Miguu ya mbele ni nusu ya kazi. Kitako nacho kinataka kimfuko cha mchanga chini yake, cha kuminya kwa mkono wa kushoto ili kupandisha au kushusha shabaha. Kimfuko hicho mama yeyote mwenye cherehani atakushonea.

Lakini nilimwonya kijana. Katika miombo yetu, mvua zikishanyesha, nyasi humfika mtu kifuani. Ukilala chini utaona mabua matupu. Ndiyo maana waongozaji wa wawindaji wa kitalii hubeba miti mitatu mirefu iliyofungwa pamoja juu, mtu apige akiwa amesimama. Miguu mifupi ina kazi yake kwenye uwanja wa shabaha, au kwenye mbuga iliyoungua wakati wa kiangazi. Na asiende nayo Ugalla, kwani tangu 2019 ile ni hifadhi ya taifa, hakuna kuwinda.

Akacheka, akauliza kama gobore la mjomba lingefungwa miguu hiyo lingefika mbali. Nikamwambia hapana. Mtutu wa gobore ni laini ndani, hauna mifereji ya kuizungusha risasi ili iende sawa, hata ukiliegemeza juu ya meza ya saruji. Mjomba alilijua hilo. Alikuwa hafyatui mpaka aone kope za mnyama.