Inachekesha au Inachekwa? Kuhusu Filamu Zinazowagawa Watazamaji

Muhula uliopita, katika somo letu la fasihi simulizi kwa wanafunzi wa mwaka wa pili, tulitenga saa mbili za Ijumaa alasiri ili kutazama filamu ya Who Killed Captain Alex?, yaani Nani Alimuua Kapteni Alex? Nia yetu ilikuwa ndogo tu. Tulitaka wanafunzi wamsikie msimulizi anayezungumza juu ya picha, ili wiki inayofuata tujadili dhana ya fanani. Siku hiyo hatukufika kwenye fanani. Filamu ilipokwisha darasa liligawanyika pande mbili, na ubishi ukaendelea hadi mlinzi alipokuja kufunga chumba. Upande mmoja ulisema haujapata kufurahi hivyo darasani. Upande wa pili ulisema ni aibu kwa chuo kuonyesha takataka. Wa kusema "ni nzuri kiasi" hakupatikana hata mmoja.

Jambo hilo limetushughulisha likizo nzima. Filamu nyingi huwapendeza hawa zisiwapendeze wale, na kila mtu akaenda zake. Lakini ziko chache ambazo humfanya hata mtu mpole apandishe sauti. Kwa nini?

Tuanze na jina, maana filamu za namna hii hazijapata istilahi moja iliyokubalika katika Kiswahili. Wapo wanaoziingiza katika kundi la filamu pendwa, kwa kufuata mfano wa fasihi pendwa. Sisi tunaona hapo pana kasoro. Kitabu pendwa hupendwa na umma. Husomwa ndani ya basi na pengine kuachwa kitini. Filamu tunazozizungumzia huanza kwa kupendwa na wachache, lakini wachache hao huzirudia mara kumi, hukariri maneno yake, na hukutana kuzitazama kama watu waendao sherehe. Katika makala haya tutaziita filamu za wafuasi, mpaka atakapotokea mwenye neno bora zaidi.

Nyingi kati yake zilianza kwa kuanguka. The Rocky Horror Picture Show ya mwaka 1975 haikuvuta watu wengi ilipotoka. Mwaka 1976 jumba moja la sinema jijini New York likaanza kuionyesha usiku wa manane, na baadaye watazamaji wakazoea kuwajibu wahusika kwa sauti na kurusha mchele inapofika sehemu ya harusi. The Room ya Tommy Wiseau, iliyotoka mwaka 2003, inasemekana iligharimu dola milioni 6 hivi na kuingiza kama dola 1,800 tu katika majuma yake mawili ya kwanza huko Los Angeles. Baadaye ilipata mashabiki katika nchi nyingi, nao hurusha vijiko vya plastiki kila inapoonekana picha ya kijiko iliyotiwa fremu katika sebule ya mhusika mkuu. Mgeni ambaye hajaambiwa habari za vijiko akiingia humo atadhani amekosea mlango.

Hii ya kwetu ilizaliwa Wakaliga, hapa Kampala, mwaka 2010. Mwongozaji wake, Nabwana I.G.G., aliwahi kufanya kazi ya matofali, na kompyuta zake aliziunganisha mwenyewe kwa vipuri. Gharama ya filamu inayotajwa mara nyingi ni dola 200 hivi. Silaha zilitengenezwa kwa vyuma chakavu, na waigizaji walikuwa watu wa kujitolea, ambao pia walizunguka mitaani kuuza DVD mkono kwa mkono. Kisa chenyewe ni kifupi. Kapteni Alex anatumwa kulivunja genge la Tiger Mafia linaloongozwa na Richard. Alex anauawa, na ndugu yake Bruce U, bingwa wa kung fu, anakuja kulipiza kisasi. Ni nani hasa aliyemuua? Filamu inakwisha bila kulijibu swali lililo katika jina lake. Na tangu mwanzo hadi mwisho ipo sauti ya VJ Emmie, ambayo huwatania wahusika, huwasifu, hushangilia milipuko na kuwaahidi watazamaji kwamba makubwa zaidi yanakuja.

Mtu aliyefunzwa kusoma matini kwa makini hana haja ya kutafuta makosa humo. Ngumi hazimfikii anayepigwa. Helikopta inayolipua jiji ni mchoro wa kompyuta ambao haukusudii kumdanganya mtu. Visa vinarukaruka. Nusu ya darasa letu iliandika makosa hayo daftarini, na kwa hakika iliyaandika vizuri, kwa istilahi zote tulizoifundisha: ploti, uhusika, muwala. Nusu ya pili iliyaona makosa yaleyale, tena kwa macho makali zaidi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikiyangojea.

Hapa ndipo tulipotambua kwamba darasa halikuwa likibishania kitu kimoja. Wa kwanza walikuwa wakiihukumu filamu kama fasihi andishi, yaani kazi iliyokamilika, iliyowekwa mezani, ambayo msomaji huikuta ilivyo. Wa pili walikuwa wakizungumzia tukio. Katika fasihi simulizi tunafundisha kila mwaka kuwa utendaji ni sehemu ya kazi yenyewe, na kwamba mtambaji akisema "paukwa" hadhira isipojibu "pakawa", hadithi haina pa kuanzia. Wafuasi wa filamu hizi ni hadhira inayojibu. Ukiwauliza kama filamu ni nzuri, wanakueleza jinsi chumba kilivyokuwa. Ukiwaambia kwamba mwanga ni hafifu na sauti inakwaruza, ni kama umemwambia mtu aliyetoka ngomani kuwa ngoma ile ilikuwa na kiraka.

Kwa watazamaji wa Kampala hili si jambo geni. Ma-VJ wamekuwa wakizisimulia filamu za kigeni kwa Kiluganda katika kumbi ndogo za video ambazo watu huziita bibanda, neno ambalo kila mwalimu wa Kiswahili analitambua. Tulipokuwa Dar es Salaam tukisomea shahada ya uzamili, wenyeji wetu walitupeleka kwenye banda la video kumsikiliza Lufufu, msimulizi aliyekuwa mashuhuri kwa kutia Kiswahili katika filamu za nje. Tulikwenda na kalamu, tukitaka kuona anavyotafsiri. Baada ya dakika tano tuliiweka kalamu mfukoni. Yule hakuwa akitafsiri. Alikuwa akiisimulia hadithi upya, akiongeza maelezo, akikisogeza kisa kiwe cha watu waliokaa mle bandani. Naye Nabwana amewahi kueleza kwamba utotoni hakuwa akienda sinema. Filamu alizijua kwa kusimuliwa na kaka yake aliyekuwa ameziona. Kama ni hivyo, filamu zake zina asili katika masimulizi ya mdomo kabla ya kuwa na asili katika picha.

Tuliporudi darasani tuliomba waliokwisha kuiona filamu kabla ya siku ile wanyooshe mikono. Waliokuwa wameitazama peke yao, kwenye simu, kitandani, wengi waliichukia. Waliokuwa wameitazama na wenzao, wengi waliipenda. Hatudai kuwa huo ni utafiti. Ni mikono iliyonyooshwa tu. Hata hivyo ilitosha kutufanya tuamini kwamba tumepata jibu.

Ndipo dada mmoja wa dawati la nyuma alipolivuruga jibu letu. Yeye aliitazama pamoja nasi, katika kundi, na tulimwona akicheka. Alisimama akasema: "Mwalimu, mimi sijaikataa kwa sababu ya ngumi. Nimeikataa kwa sababu najua wanaoicheka ni akina nani." Akaeleza kwamba filamu hii ilienezwa duniani na watu wa nje, kwamba wanapoisifu hutaja kwanza dola 200, kisha vyuma chakavu, na hadithi huja mwisho. Akauliza kama filamu hiyohiyo ingetengenezwa na mtu mwenye fedha huko Ulaya, nani angeishangilia.

Swali hilo si la kupuuzwa, na linalihusu somo letu moja kwa moja, kwa kuwa Kiswahili hulibeba katika mnyambuliko. Kutokana na kitenzi cheka tunapata chekesha na chekwa. Filamu inayochekesha ndiyo inayotenda. Kicheko ni kazi yake, na sifa ni za aliyeitengeneza. Filamu inayochekwa inatendwa; kicheko kinatoka kwa mtazamaji na kuiangukia. Nje ya ukumbi utasikia kelele zilezile. Ugomvi wote wa darasa letu ulikuwa juu ya viambishi viwili.

Tumejaribu kupima. Kihistoria, kicheko cha Kapteni Alex kilianzia hapa nyumbani. Sauti ya VJ Emmie iliwekwa na wenyewe, kwa utani ambao watu wa bibanda wanaufahamu, na toleo la awali lisilo na sauti hiyo halipo tena. Mtazamaji hawezi kuipata filamu bila mtu wa Kampala kucheka kabla yake. Kwa upande huo inachekesha. Lakini safari yake ya baadaye ni nyingine. Kionjo chake kilienea kwenye YouTube tangu 2010. Mwaka 2011 Mmarekani Alan Hofmanis alikiona, akafunga safari hadi Wakaliga na kujiunga na kazi. Mwaka 2015 filamu nzima ikawekwa mtandaoni. Na mwaka 2022 watu wa Wakaliga walishiriki katika maonyesho makubwa ya sanaa ya documenta huko Kassel, Ujerumani. Katika safari hiyo ni watazamaji wangapi waliojua VJ ni nani, au kwamba utani ule ni sanaa yenye kanuni zake? Kwa asiyejua, maneno ya VJ ni kelele za ajabu juu ya filamu mbovu, naye hucheka akiwa juu. Kwa maoni yetu mtazamaji huyo na yule wa bibanda wanacheka mahali pamoja lakini hawachekei kitu kimoja. Dada yetu alikuwa na haki ya kumwona yule wa kwanza. Kosa lake, kama ni kosa, ni kumwachia filamu iwe yake.

Wengine hudhani suala litaisha tukimwuliza mtengenezaji alikusudia nini. Haliishi. Wiseau, baada ya watu kuicheka The Room, alisema ilikuwa vichekesho tangu mwanzo, na mashabiki wake wengi hawamwamini, wala hawampendi pungufu kwa sababu hiyo.

Lipo pia jambo la kibinadamu ambalo hukaza pande hizi mbili. Mtu aliyekariri filamu na kupata marafiki kupitia kwayo, ukiitukana umemtukana yeye na marafiki zake. Naye, ili kuitetea, hukwambia neno moja linaloudhi kuliko yote: "Hujaelewa." Anayeambiwa hivyo, hasa akiwa msomi, hawezi tena kusema kwamba ni nzuri kiasi. Na walioiona kuwa ya kawaida hawaendi mara ya pili, hawaandiki, hawabishani. Kwa hiyo sauti zao hatuzisikii, tukadhani hawapo. Huenda hata katika chumba chetu walikuwepo wawili watatu, wakakaa kimya kwa kuogopa kelele za pande zote.

Mwishowe tuliligeuza zoezi. Kila kundi la wanafunzi wanne lilichagua dakika kumi za filamu yoyote iliyotengenezwa Uganda, likazima sauti na kuisimulia kwa Kiswahili mbele ya wenzao. Tulitoa alama kwa matumizi ya lugha, kwa mwitiko wa hadhira, na kwa jambo moja la ziada tulilowataka watetee kwa maandishi: walipokuwa wakisimulia, walikuwa wakimchekesha nani, na nani alikuwa akichekwa? Insha ya yule dada ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote. Bado hampendi Kapteni Alex. Ametuomba ruhusa ya kuiendeleza mada hiyo katika tasnifu yake ya mwaka wa tatu, na tumeshamwandikia barua ya kwenda Wakaliga.