Keja Dandora: Kagua Kwanza, Tuma Depo Baadaye

Mwisho wa mwezi umekaribia na simu inalia. Ni broka. Kuna nyumba imewachwa Dandora Phase 2, rumu moja, choo ndani, bei poa. Halafu anaongeza: "Kuna watu watatu wanaitaka. Tuma depo sasa hivi nikushikie."

Pesa iko kwa simu na kuituma ni sekunde chache. Kuirudisha ndiyo kazi. Sisi tunaoshughulika na malipo kila siku tunajua simu yako itakuonyesha jina la mpokeaji, lakini haiwezi kukuambia kama bomba lina maji. Hiyo kazi ni ya macho yako, pua yako na masikio yako. Basi twende tuikague.

Ujue ploti unayoingia

Dandora ilianza miaka ya 1970 kwa mradi wa Baraza la Jiji la Nairobi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Watu waligawiwa viwanja vipatavyo 6,000 vilivyokuwa na maji, bomba la maji taka, choo na bafu, kisha kila mmoja akajijengea vyumba vyake. Ndiyo maana ploti nyingi za zamani zina vyumba vinavyozunguka ua, na choo cha kutumia pamoja. Baadaye wenye ploti wengine walibomoa wakapandisha ghorofa. Kwa hivyo nyumba mbili zinazopakana zinaweza kuwa tofauti kabisa.

Kwa ploti ya chini, hesabu milango, kisha hesabu vyoo. Uliza nani anaosha na kwa zamu gani. Kwa ghorofa, fungua mfereji wa nyumba yenyewe, usiridhike na ule wa chini. Mwaga maji chooni uone kama yanashuka. Toka nje ya geti uangalie kama maji taka yanafurika barabarani. Na maji ya Nairobi huja kwa mgao, kwa hivyo usimuulize keteka "maji yako?" Muulize: "Yanakuja siku gani, na tangi ni la nani?" Kisha mpate mpangaji anayefua nguo uani umuulize swali hilo hilo. Majibu yakigongana, amini la mpangaji.

Nenda mara mbili

Broka atakupeleka saa nne asubuhi, jua limewaka na watu wako kazini. Rudi mwenyewe jioni.

Jambo la kwanza la kuangalia ni moshi. Jaa la taka la Dandora limekuwa hapo tangu katikati ya miaka ya 1970, na kufikia 2001 lilikuwa limetangazwa kuwa limejaa. Bado taka zinamwagwa. Mwaka 2007, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilichapisha utafiti wa watoto 328 wa eneo la karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichohesabiwa kuwa hatari. Hatusemi Dandora yote iko hivyo, kwa sababu mtaa ni mkubwa na upepo haupigi kila mahali sawa. Lakini kama una mtoto mdogo au mtu wa pumu, simama dirishani jioni uvute pumzi. Uliza majirani moshi huja saa ngapi.

Jambo la pili ni kort. Kwa miaka kadhaa sasa vijana wa Dandora, wengi wao kupitia Dandora Transformation League, wamesafisha nyua za pamoja, wakaweka mageti, wakapanda miti na maua. Kort yenye geti, taa na watoto wanaocheza ina wenyewe wanaoiangalia. Ile yenye giza na rundo la taka mlangoni pia inakuambia kitu.

Piga hesabu ya mwezi mzima

Kodi ni mwanzo tu. Chukua mfano huu, kisha uweke bei zako.

Nyumba ya kwanza ni shilingi 6,000. Maji unanunua, mitungi minne kwa siku kwa shilingi 10: hiyo ni 1,200 kwa mwezi. Steji iko mbali, boda ni 30 kwenda na 30 kurudi, siku 25 za kazi: 1,500. Taka ni 200. Jumla: 8,900.

Nyumba ya pili ni 7,500, maji na taka ziko ndani ya kodi, na steji unatembea. Jumla: 7,500.

Ile iliyoonekana ghali imekuokolea 1,400 kila mwezi. Stima hatujaiweka, lakini uliza kama mita ni yako peke yako au mnagawana. Kama ni ya tokeni, uliza pia kama ina deni la mpangaji aliyetoka, kwa sababu ukinunua tokeni, deni hilo linaweza kukatwa kwa pesa zako.

Kabla hujabonyeza "tuma"

Usitume hata shilingi kwa nyumba ambayo hujaingia. Kuona mlango kwa nje si kuingia: ufunguo uufungue, uingie, ujaribu swichi na mfereji.

Uliza mwenye nyumba ni nani na pesa zinalipwa wapi. Ploti nyingi zina nambari ya Lipa Bili au akaunti ya benki, na sehemu ya akaunti unaweka nambari ya nyumba. Waulize wapangaji wawili kama wao hulipa hapo hapo. Ukiambiwa utume kwa nambari ya mtu binafsi, soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Kama si jina lililo kwenye makubaliano, simamisha. "Ni simu ya shemeji yangu" si jibu.

Na ukweli wenyewe ni huu: ukikosea nambari, tupigie mara moja, tunaweza kujaribu kuzuia pesa kama bado hazijatolewa. Lakini ukimtumia tapeli kwa hiari yako na akazitoa, nafasi ya kuzipata ni ndogo. Ripoti polisi, na utupigie pia.

Siku ya kuhamia

Piga picha ukuta, sinki, vioo na kufuli kabla ya kuingiza kitanda. Zitume kwa mwenye nyumba au keteka kwa WhatsApp siku hiyo hiyo. Ugomvi mwingi wa depo huja siku ya kutoka, mtu anapokatwa pesa za rangi au kioo alichokikuta kimevunjika.

Andikeni hata kwa karatasi moja: kodi ni ngapi, depo ni ngapi, inarudishwa lini, notisi ni ya muda gani. Mweke sahihi wote wawili. Ujumbe wa malipo wa kila mwezi usiufute. Ukibadilisha simu, omba taarifa ya akaunti.

Na yule broka wa watu watatu? Mwambie unakuja kesho jioni kuiona. Kama nyumba iko kweli, atakupa saa ya kukutana.