Mistari Isipoonekana, Mwamuzi Hufanya Nini?

Katika viwanja vingi vya shule na vijiji, mistari huchorwa kwa chokaa asubuhi na kufutika kabla ya kipindi cha pili, ama kwa mvua, ama kwa vumbi na nyayo za wachezaji. Hapo ndipo ugomvi huanza, kwa kuwa mstari usiozidi upana wa sentimita 12 ndio huamua kama rafu ni penalti au mpira wa adhabu wa kawaida.

Sheria ya kwanza kati ya sheria 17 za soka inaeleza kwamba mstari ni sehemu ya eneo unalolizunguka. Kwa hiyo, beki akicheza rafu juu ya mstari wa eneo la penalti, amecheza ndani ya eneo hilo. Vivyo hivyo, mpira haujatoka nje mpaka wote uwe umeuvuka mstari, chini au hewani.

Mwamuzi makini hufika mapema na kuukagua uwanja pamoja na wasaidizi wake. Akiona kasoro, huwataka wenyeji waisahihishe kabla ya filimbi ya kwanza. Pale chokaa isipotosha, vibendera vya kona huwa dira: mstari ulionyooka kutoka kibendera hadi kibendera ndio ukingo wa uwanja. Alama nyingine huweza kuwekwa nje ya uwanja, mkabala na kingo za eneo la penalti. Manahodha wote wawili huoneshwa alama hizo, ili timu zote zicheze kwa mpaka mmoja.

Mchezo ukishaanza, mwamuzi huamua kwa kusaidiana na msaidizi aliye karibu, na uamuzi wake kuhusu tukio ni wa mwisho. Mvua ikifuta mistari kiasi cha kutoweza kuamua kwa haki, anayo mamlaka ya kusimamisha mchezo, hata kuuvunja, na kueleza sababu katika ripoti yake. Mchezaji anayejichorea alama uwanjani kwa kiatu huoneshwa kadi ya njano.

Wenyeji nao wana wajibu wao. Kamba moja ya mita 16.5 yenye mafundo katika mita 5.5, 9.15 na 11 hutosha kupima eneo la goli, duara la kati, alama ya penalti na eneo la penalti. Mistari haipaswi kuchimbwa kama mifereji, kwani huvunja miguu. Chokaa isiyozimwa isitumike kamwe, kwa sababu huunguza ngozi na macho.

Aidha, chokaa kidogo ibakizwe hadi mapumziko. Dakika hizo, ambazo hazizidi 15, zinatosha kuirudia mistari iliyofifia kwenye maeneo ya penalti, ambako uamuzi mmoja huweza kubadili matokeo ya mchezo.